Jinsi ya Kuning'iniza Mfarishi Bila Kuunyonga

Kwanza hakikisha una kitanda. Namaanisha kitanda cha kweli, chenye miguu minne na godoro, ndani ya nyumba yenye kuta na hita inayofanya kazi. Mwongozo huu haumfai asiye nacho. Huyo ana shida, na shida haitatuliwi kwa kamba za mpira. Huu ni wa mtu aliyelala vizuri miaka nenda miaka rudi mpaka kulala vizuri kukamkinaisha, akaamua kuendesha gari saa mbili kutoka viunga vya Washington hadi milima ya Shenandoah, mwezi wa kumi, ajifunge katikati ya miti miwili na kutetemeka hadi alfajiri.

Ukishahakikisha kwamba kitanda kipo, kiage.

Chombo tunachokizungumzia ni machela. Si ile ya kubebea wagonjwa, wala ile walimobebwa wakubwa wa kikoloni mabegani mwa babu zetu. Hii ni kitambaa chembamba cha nailoni, urefu wa mita tatu na ushei, kilichokusanywa ncha zote mbili na kufungwa mitini. Nilipomtumia mama picha yake, alinipigia simu papo hapo kutoka Tanga.

"Mwanangu, hilo si susu?"

Nikamwambia, ndiyo mama, ni kama susu.

"Susu letu lilikuwa la masufuria. Wewe umekuwa sufuria lini?" Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini kama mwenye nyumba amenifukuza.

Sikumweleza mambo ya baridi, maana angepanda ndege. Nakueleza wewe. Baridi ya machela hutoka chini. Kitandani godoro linakukinga. Hapa chini ya mgongo wako kuna nailoni, kisha upepo, kisha jimbo zima la Virginia. Utasema una mfuko mzuri wa kulalia, tena mnene. Unao, lakini kinachotia joto ndani ya mfuko si manyoya, ni hewa iliyonaswa kati ya manyoya, na wewe umeilalia hewa yote kwa makalio yako mwenyewe. Juu umevaa mawingu, chini umevaa karatasi. Wamarekani wanaolala hivi wana jina la ugonjwa unaofuata hapo, nao wamekitaja kiungo kinachougua waziwazi. Sitalitafsiri, kwa kuwa gazeti hili husomwa na wakwe.

Waliobuni machela hawana kosa. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliwakuta Wataino wakilala kwenye nyavu za pamba zilizoning'inizwa, na neno lao, hamaca, ndilo walilolibeba Wahispania na kulisambaza. Kule ni joto, na upepo unaopita chini ya mgongo ndiyo faida yenyewe. Jeshi la majini la Uingereza likaichukua mwaka 1597 kwa ajili ya mabaharia wake. Kisha tukaja sisi, tukaipandisha mlimani penye nyuzi mbili za joto, na sasa tunalalamika kwamba inapitisha upepo. Tumenunua feni, tunaishtaki kwa kupuliza.

Dawa ni mfarishi wa chini: lile blanketi nene lililojazwa manyoya ya bata au pamba ya plastiki na kushonwa mistari mistari. Huu hauwekwi ndani ya machela. Unaning'inizwa nje, chini yake, ukiigusa bila kubanwa, ili hewa ibaki imevimba na mgongo wako upate godoro la hewa tupu. Wa dukani, wa manyoya, bei yake huvuka dola 200 bila kuomba radhi. Kwa hiyo watu wenye akili hutengeneza kamba na vishikizo wenyewe, nyumbani, na kwa njia hiyo huokoa dola 200 kwa kutumia 260.

Kabla ya mfarishi, machela yenyewe. Hapa usilete ubunifu, maana mfarishi ukidondoka utapata baridi, lakini machela ikidondoka utapata daktari wa mifupa. Tumia mikanda yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi ili usikate magome ya mti. Iache machela ibonyee, mikanda ifanye pembe ya nyuzi 30 hivi na usawa wa ardhi. Kwa pembe hiyo kila mkanda unavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wako mzima. Kwangu mimi, kilo 84. Ukiinyoosha mpaka nyuzi 10 kwa kuwa umezoea kitanda kilichonyooka, kila mkanda unavutwa kwa kilo 240 hivi, na wewe hujanenepa hata kidogo. Angalia basi, ndugu msomaji: hata hatujafika kwenye mfarishi, na tayari kukaza ni kosa. Mimi sikuangalia.

Nilikuwa na sababu za malezi. Nimekulia kando ya barabara ya Muheza, ambako baiskeli moja hubeba magunia mawili ya mkaa, jogoo, na wakati mwingine mwenye jogoo. Mzigo uliolegea kule ni aibu ya ukoo. Hakuna mtoto aliyefundishwa kufunga mzigo kwa neno lolote isipokuwa "kaza". Kaza tena. Weka mguu ukaze. Tumerithi elimu moja kuhusu kamba, nayo imejengwa juu ya kitenzi kimoja.

Sasa chukua mfarishi wako. Wangu wa kwanza ulikuwa blanketi jepesi la jeshi la Marekani, lile waliloanza kugawiwa askari wakati wa vita vya Vietnam na ambalo maveterani wanalipenda hadi leo kuliko baadhi ya shemeji zao. Lina vikamba pembeni, maana lilikusudiwa kufungwa ndani ya poncho ya mvua. Halifiki kilo moja. Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, kumbuka hilo: kamba unazokwenda kuzihangaikia hazikubebi wewe. Zinabeba kitu chenye uzito wa mikate miwili. Mimi niliandaa vifaa vya kumbeba ng'ombe.

Anza na kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ipo. Funga pembe nne za blanketi, peleka kamba kwenye ncha za machela, vuta. Ukisimama pembeni utaona kazi safi: mfarishi umekumbatia machela yote, hauna hata mkunjo. Piga picha wakati huo huo, maana hutapata nyingine. Kisha ingia. Machela itashuka kwa uzito wako, kama inavyopaswa. Kamba ya kuanikia haitashuka, kwa kuwa haijui kuvutika. Mfarishi utabaki juu, utaukandamiza uwe mwembamba kama chapati ya mgahawani, hewa itatoka, na utakuwa umelala juu ya kile kile ulichokikimbia. Niligundua hivyo saa tano usiku. Nikafanya alichofundishwa kila mtoto wa Muheza anapoona mzigo hauko sawa: nikashuka, nikakaza.

Safari ya pili nenda na lastiki. Mke wangu ana cherehani, na ndani ya kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu tulipohamia nyumba hii nilikuta mita kama kumi za lastiki bapa, ile ya kiunoni. Inavutika, nikasema, tatizo limekwisha. Lastiki ya kiunoni hufanya kazi vizuri sana kwa dakika arobaini. Baada ya hapo hufanya kile ambacho lastiki ya nguo za ndani zilizochoka hufanya, na kama kawaida yake huchagua wakati ambao huwezi kushughulika nayo. Umande ukaingia, ikachoka, mfarishi ukashuka taratibu, kwa heshima zote, mpaka ukalala juu ya majani makavu. Mimi nikabaki juu, nusu mita angani, kama mtu aliyeachwa na basi.

"Baba Zuhura, lastiki yangu iko wapi?" niliulizwa Jumapili jioni.

"Iko mlimani, Mama Zuhura."

"Na sketi ya mtoto ishikwe na nini?"

Kuhusu vibanio vya nguo vya safari ya tatu sitasema mengi. Unabana ukingo wa mfarishi kwenye ukingo wa machela, vibanio ishirini kila upande, unaingia kwa uangalifu wa mtu anayeingia msikitini amechelewa, na unalala. Halafu, gizani, kimoja kinafyatuka: ta! Dubu weusi wapo Shenandoah, na sheria ya hifadhi inataka chakula kining'inizwe juu mtini au kifungiwe kwenye chombo wasichoweza kukifungua. Kwa hiyo usiku huo mitini palikuwa na mizigo miwili iliyoning'inia, mmoja wa chakula na mmoja wangu, na nilitumaini kwamba dubu anajua tofauti. Ta! Kila kibanio kilikuwa dubu. Vibanio vilikuwa arobaini.

Ndipo nikakumbuka tyubu.

Hapa naomba nafasi, maana nazungumzia utaalamu. Tyubu ya baiskeli iliyotoboka mpaka haiwekeki kiraka haijafa. Imestaafu tu kupewa cheo kikubwa zaidi. Unaikata kwa mzunguko, upana wa kidole, mkasi ukienda bila kusimama kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, na unapata mpira mmoja mrefu, mweusi, wenye tabia. Huo umefunga mkaa, magodoro, mbuzi, na viti vya harusi. Umetengeneza manati zilizowakosesha amani ndege wote wa wilaya yetu. Wasichana waliuunganisha wakarukia. Nilikwenda kwenye duka la baiskeli jirani na kwetu, nikaomba tyubu mbovu. Kijana akaniuliza nina mpango gani nazo. Nikamwambia nataka kulala. Akanipa saba, akafunga mlango.

Nilifunga vile nilivyofundishwa. Mpira ulipita kwenye pembe za mfarishi, ukaenda mara mbili kwenye ncha ya machela, nikaweka goti, nikavuta. Fundo lilikuwa lile la gunia, ambalo halifunguki mpaka likatwe. Niliporudi nyuma kuangalia, mfarishi ulikuwa umekazwa hadi unalia ukiupiga kidole, kama ngoma iliyokaushwa motoni. Nikaingia. Machela ikashuka, mpira nao ukakataa kushuka kwa nguvu zote za Muheza, na mfarishi ukanikumbatia kama shangazi kwenye harusi: kwa upendo mwingi, bila nafasi ya kupumua. Hewa yote nje. Baridi ile ile, safari hii kwa jasho langu mwenyewe. Nilipojigeuza, mpira wa upande wa kichwani ukachomoka, ukapita sikioni ukipiga mluzi, ukagonga mti. Manati ni manati tu, hata ukiiita kitanda.

Mwenzangu wa safari, Mmarekani wa makamo ninayefanya naye kazi, na ndiye aliyenitia katika mambo haya, alikuwa amelala ndani ya machela yake kama maiti yenye furaha. Aliamka kwa ule mlio, akaja na taa ya kichwani, akaingiza vidole viwili kati ya mfarishi na machela. Vilikwama. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mtu aliyetia dizeli kwenye gari la petroli. Akaniambia nilegeze. Nikalegeza kidogo. Akaniambia tena. Nikalegeza, nikiona aibu ya ukoo mzima. Mara ya tatu akaniuliza ni neno gani nililokuwa nikinong'ona muda wote nikifunga. Nikamwambia ni "kaza". Akataka kujua kinyume chake. Nikamwambia "legeza". Akajaribu: "Legesa." Akarudi kulala akilirudia, na mimi nikawa nimemfundisha mtu mwingine neno ambalo mwenyewe sikuwahi kulitumia kwenye kamba.

Basi, njia yenyewe. Tafuta kamba ya mpira ya milimita 3, ile nyembamba iliyofunikwa nyuzi, inayopatikana kwenye pindo la jaketi. Mita saba zinatosha. Kama una cherehani na uhusiano wako na mwenye cherehani bado ni mzuri, shona nefe kwenye kila ukingo mrefu wa mfarishi, ile njia ya kamba iliyo kiunoni mwa suruali ya kulalia. Pitisha kamba moja kila upande, kutoka kichwani hadi miguuni, na ncha zake zifike kwenye ncha za machela. Kwa kuwa mfarishi unateleza juu ya kamba ndani ya nefe, unajipanga wenyewe unapojigeuza, badala ya kukung'ang'ania.

Kama mwenye cherehani amekununia, okota kokoto laini za ukubwa wa njegere. Weka moja kwenye pembe ya mfarishi, ikunjie ndani, zungusha uzi shingoni mwake, na hapo una kishikizo kisichohitaji sindano wala tundu. Nyanya zetu walifunga sarafu hivyo hivyo kwenye pindo la kanga, nayo ilikwenda gulioni na kurudi bila kudondoka, isipokuwa pale walipotaka isemwe imedondoka. Uzi huo wa shingoni ukaze. Ndiyo ruhusa pekee utakayopata.

Wapo wanaoongeza pembetatu: kitanzi cha kamba isiyovutika kinachopita kwenye kona mbili za upande mmoja wa mfarishi, kisha kamba ya mpira inakishika katikati. Kikivutwa, kitanzi huteleza chenyewe na kugawa nguvu kati ya kona hizo, moja isizidiwe na nyingine. Ni kitu kizuri mno kwa gharama ya nusu mita ya kamba, na watu huzungumza juu yake kwa sauti ya kwaya. Nimekitengeneza. Kinafanya kazi. Sijamsamehe aliyekifikiria kabla yangu.

Kwenye ncha, usifunge fundo la gunia. Tia kulabu ndogo ili uweze kuchomoa kila kitu kwa vidole vilivyokufa ganzi, na kulabu ishikwe na kitanzi chenye fundo la Prusik, linaloitwa kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Ukilisukuma kwa mkono linateleza, likivutwa linang'ata. Yeye alilitumia kupandia kamba juu ya magenge. Wewe unalitumia kusogeza blanketi sentimita mbili kuelekea miguuni. Lifunge kwa uzi mwembamba juu ya kamba nene ya mviringo. Kwenye mkanda bapa litakudanganya.

Ncha mbili fupi za mfarishi zina kamba za kukusanyia, kama mdomo wa mfuko. Zivute mpaka ziguse machela, upepo usipite. Basi.

Sasa kipimo. Mfarishi ukiwa hauna mtu, uguse machela kwa kusitasita, kama mgeni anayegonga mlango asiojua ni wa nani. Ingia, lala mshazari, maana machela hulalwa kwa mshazari ili mgongo unyooke. Ukilala katikati utapinda kama ndizi na kuamka ukiwa na umri wa baba yako. Mfarishi nao uufuate mshazari huo. Mfarishi wa robo tatu ya urefu hauwezi kufika miguuni, kwa hiyo weka kipande cha sponji chini ya visigino na usimwambie mtu. Mwombe mwenzako aingize kiganja kati ya mgongo wako na mfarishi. Kisipopita, umekaza. Kikikuta pango, umelegeza mno, jambo ambalo kwa msomaji wa kutoka kwetu halijawahi kutokea. Kikipita kwa kujipenyeza, tulia nusu saa. Usipojisikia chochote chini yako, si baridi wala joto wala kamba, umefika.

Nilifika usiku wa tano. Sikuamini. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye mialoni, majani yakidondoka juu ya turubai, na mgongo wangu ulikuwa kimya kabisa, kama mtoto aliyeshiba. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu Tanga, mpaka saa tisa usiku, kibofu kilipokumbuka chai ya jioni.

Nilivumilia. Kila mwenye machela huvumilia, kwa dakika zisizopungua ishirini, akijadiliana na mwili wake kama wakili. Kisha nikatoka, nikatafuta viatu, nikaenda, nikarudi mbio. Wakati wa kutoka, mguu wangu ulikuwa umeuvuta mfarishi kando, nao ulikuwa unaning'inia ubavuni kama kanzu kwenye kamba ya uani. Nikausogeza mahali pake, nikaingia, nikalala mshazari. Sekunde kumi na tano. Upepo ukapita palepale pa siku zote.

Nikanyoosha mkono gizani, nikaishika kamba ya upande wa kichwani, nikaivuta. Kidogo tu. Mpira ukalia kidogo.

Kutoka kwenye machela ya pili, mtu ambaye ningeapa kwamba amelala akasema, bila kufungua zipu:

"Legesa."